Bido ya Kasiksi

Isidore alimwaga maji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, mtu asikudanganye kwamba ni gari. Alijua radiatere ya gari inavuja. Asubuhi ile, nyumbani Nguba, mjini Bukavu, alikuwa na bido moja tu, dumu la maji ya njiani, akaimwaga ili atie kasiksi, pombe ya ndizi. Mukwe afike kwa wazazi mikono mitupu? Haifanyiki, hata kama mama mukwe yuko mahututi.

Na alikuwa mahututi kweli. Valérie, mke wa Isidore, alitaka kitu kimoja tu: amkute mama yake hai.

Land Rover ya kazini ilipanda milima ya Itombwe vizuri mpaka juu kabisa, kule ambako kiangazi kimekausha kila kitu, hakuna nyumba, hakuna mto, hakuna mtu wa kuuliza. Hapo radiatere ikachemka. Mvuke, puuu! Gari ikazima.

"Mimina kasiksi," Valérie akasema.

"Ndani ya moteri? Kinywaji cha wazazi?"

"Isidore, mama yangu iko anakufa!"

"Na nikifika bure? Watasema citoyen wa Bukavu, bwana wa mjini, alikuoa kama mwizi."

Jamani, kichwa kigumu gani hicho! Valérie akapiga magoti juu ya mawe. "Papa wa watoto wangu, nakuomba." Isidore akajitwika bido begani.

Wakatembea. Jua liliwachoma, midomo ikapasuka, na nyuma ya kila mlima kulikuwa na mwingine. Njiani Isidore alianza kuogopa. Alitamani arudi aimimine yote kwenye radiatere, lakini gari ilikuwa mbali mno sasa. Mungu wangu, aliomba, mucheleweshe mama kidogo tu.

Kilio walikisikia kabla ya kuona nyumba. Valérie akakimbia, akaanguka, akakimbia tena.

"Ni sasa hivi tu, mwanangu," shangazi yake akamwambia mlangoni. "Alikuwa anakuita."

Isidore alisimama uani, bido ingali begani. Baba mukwe, macho mekundu, akaja akamtua mwenyewe.

"Muone mukwe wangu!" akawaambia waombolezaji. "Amefikiria kila kitu. Hata pombe ya kilio amebeba na mabega yake."

Wakampigia makofi ya shukrani, polepole. Kikombe cha kwanza wakampa yeye. Valérie, ameketi chini kando ya mama yake, alikuwa anamtazama. Isidore akanywa, maana mukwe hakatai.