Chumba cha Abdulrahmani

Miaka yote minne aliyokata mkonge huko Lindi, Yunusu alikuwa na neno moja: mwanawe hatalala chini ya makuti yanayovuja. Mtoto mwenyewe hakuwapo. Yeye na mkewe Kadija walikwisha kukaa miaka tisa bila dalili, lakini neno alikuwa nalo. Alikulia katika kibanda ambacho mvua ikinyesha watoto walihamishwa na mkeka wao kutoka kona hii hadi ile, na masika moja mdogo wake alikohoa mpaka wakamzika. Kwa hiyo watu wasije wakasema bati alilokuja kuezeka lilikuwa majivuno matupu. Majivuno yalikuwamo, hilo halifichiki, ila hayakuwa peke yake.

Mkataba ulipokwisha akarudi Kinjumbi na mabati yake. Kabla ya hapo bati kijijini lilikuwa juu ya duka la Mhindi tu. Na Mungu naye akaamua kumfurahisha mtu huyu mara mbili, kwani Kadija akashika mimba. Siku zilipokaribia akaenda kwa mama yake, Bi Moza, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza, akajifungulia huko. Mtoto wa kiume, akaitwa Abdulrahmani, jina refu kuliko mwenye nalo.

Zile siku arobaini Yunusu alizitumia kuezeka. Paa likang'aa hata watu waliotoka shambani wakalipita wamekinga macho. Jioni akawa anakaa barazani kwa Maftaha, mvuvi mwenye mdomo usio na likizo, akieleza faida za bati.

"Na makuti je?" Maftaha akamuuliza siku moja.

"Makuti waachie kuku."

Arobaini ikatimia, Kadija akaletwa kwa vigelegele. Chumba kilipakwa chokaa, kitanda kilikuwa kipya, na asubuhi ile kila aliyeingia alisema mashaallah. Lakini ulikuwa msimu wa kaskazi, jua la kupasua kichwa. Kufika adhuhuri kile chumba kilikuwa tanuri. Bati lilialika juu, ka! ka!, na kila lilipoalika Abdulrahmani aliruka na kuanza kulia upya. Alilia mpaka alasiri, akasinzia jua lilipopoa, na alfajiri akaamka anatetemeka, maana lile bati lilivyokuwa jepesi kupata moto ndivyo lilivyokuwa jepesi kupata baridi.

Siku ya pili Yunusu akafungua madirisha, akatundika kanga mbichi. Siku ya tatu akapata akili, au alivyodhani ni akili: akapanda juu saa sita na ndoo za maji akayamwaga paani. Mvuke ulipanda kama wa sufuria, mabati yakapiga kelele zote yalizo nazo mabati, na mtoto chini akakauka kwa kilio. Kadija akatoka uani na mtoto, akamtazama mumewe, na Yunusu akashuka na ndoo yake.

Siku ya nne akaja Bi Moza. Akamkuta mjukuu ana vipele vya joto kifuani, ziwa analikataa kwa uchovu. Mtu mwingine angeshika mikono ya mtoto. Yeye alipitisha vidole nyuma ya shingo.

"Mikono inadanganya," akasema. "Hapa ndipo penye ukweli. Shika, baba."

Yunusu akashika. Palikuwa pamelowa.

"Sikulaumu, baba, nia yako naiona. Lakini huyu anapikwa."

Kadija alifunga nguo za mtoto taratibu. Mlangoni akasema, "Sikuachi, mume wangu. Lakini sirudi hapa mpaka mwanangu apate pa kulala."

Nyumba ikabaki na Yunusu na bati lake. Kesho yake saa saba mchana hakuweza kuvumilia, akaenda kwa mkwewe. Akapiga hodi, akatoa shikamoo yake kutoka uani kwa adabu zote za mkwe, akaitikiwa marahaba, na Kadija akamwinulia pazia aone. Abdulrahmani alilala chali, mikono juu, kinywa wazi, chini ya makuti ya zamani yaliyofanya weusi kwa moshi. Chumba kilikuwa baridi kidogo, kama kivuli cha kisimani. Yunusu alifurahi, kisha ikamuuma vibaya. Miaka minne ya mkonge, na usingizi wa mwanawe ulikuwa hapa kwenye nyumba ya kikongwe.

Akamwendea Valentini, fundi aliyemsaidia kuezeka. Huyu akamwambia dawa ni dari: boriti, fito, udongo juu yake. "Na haitaonekana nje," akaongeza, maana alimjua mteja wake. "Ila boriti za kutosha hazipatikani kabla ya miezi mitatu."

Miezi mitatu! Yunusu alitembea hadi nyumbani akiipima. Ndani ya miezi mitatu mtoto angejifunza kukaa, kwenye mkeka wa nyumba nyingine. Akageuka akarudi kwa Bi Moza, akasimama uani, akainamisha kichwa.

"Mama, nakuomba unishonee makuti."

Bi Moza hakucheka, Mungu amlipe. Aliuliza tu upana wa chumba.

Makuti yalikuwa tayari Ijumaa. Yunusu angeweza kungoja watu wawe mashambani, lakini hakungoja. Aliyapitisha kichwani, mzigo kwa mzigo, mbele ya wote waliotoka msikitini, akapanda juu na kuanza kuyapanga juu ya bati, upande wa chumba cha mtoto, akiyafunga kwa fito na kamba. Baraza la Maftaha likahamia chini ya paa lake.

"Jamani! Nyumba inasikia baridi, inavishwa koti!"

"Yunusu, hao kuku wako wangapi?"

Masikio yalimwaka moto kuliko nyayo. Aliendelea kufunga. Alikuwa kwenye kamba ya mwisho Kadija alipotokea na mtoto, Bi Moza nyuma yake, wakaingia ndani. Yunusu akabaki ameshika kamba. Chini hakusikia kilio. Akangoja. Bado hakusikia.

Kisha Bi Moza akatoka uani, akamwinulia vidole vilevile vya kupima, akavifuta kwenye kanga kumwonyesha: vikavu. Akalaza shavu juu ya kiganja. Amelala.

Yunusu akainuka ashuke. Ngazi ilikuwa upande wa pili, na alipokanyaga bati tupu likalia ka! Akarudisha mguu upesi, akakaa kwenye makuti, jua la saa nane linamwagika utosini.

"Unangoja nini huko juu?" Maftaha akapaza sauti. "Umeota mizizi?"

Yunusu akaweka kidole mdomoni. "Shh! Bwana, polepole. Mwanangu amelala."

Maftaha akafumba mdomo, jambo lisilowahi kuonekana Kinjumbi, akasogea hadi ukutani kwa ncha za vidole.

"Mpaka saa ngapi?" akanong'ona.

"Mpaka aamke," Yunusu akamnong'oneza, akajifunika kofia usoni, akakaa vizuri.