Inua Uso

Hilaria, afisa mifugo aliyeishi Nangara, alimtazama ng'ombe mara moja tu akajua kinachomsumbua. Masikio yamelala: homa. Amejitenga na wenzake, ameacha kula, anasaga meno: huyo ana maumivu makali, usingoje kesho. Wafugaji walimtania, "Mama Benson, hawa ng'ombe wanakunong'oneza nini?"

Mkwe wake ndiye aliyemshinda.

Benson alimwoa Nalepo kutoka Simanjiro. Kila asubuhi binti huyo aliingia jikoni, akasimama mbele ya mama mkwe, akainamisha kichwa na kungoja, kimya.

"Umedondosha nini huko chini?" Hilaria alimwuliza. "Inua uso! Hapa kwangu watu hutazamana, wanaamkiana."

Nalepo alingoja kidogo, kisha akachukua ndoo, akatoka. Kiburi, Hilaria akajisemea. Kesho yake kichwa kiliinama tena.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, Benson akiwa safarini, asubuhi moja Nalepo aliacha uji wake ukapoa. Akaenda kusimama peke yake nyuma ya banda, ameshika nguzo, taya zinasagana. Hilaria alimwona alipokuwa akiwasha pikipiki kwenda Mutuka kuchanja ng'ombe.

"Umeninunia tena?"

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

"Kidogo hakimlazi mtu. Mimi Benson nilimzaa kwa kelele, mtaa mzima ukatoka nje. Ukiumwa utasema, wewe si bubu."

Akaondoka.

Aliporudi saa tisa, nguzo ya banda ilikuwa na damu chini yake. Jirani yao, Consolata, alikuwa ameshamkimbiza Nalepo hospitali. Mama alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa amekufa.

Siku ya nne alifika Naiputa, mama yake Nalepo. Nalepo alimwendea uani, akainamisha kichwa. Naiputa akaweka kiganja utosini pa mwanawe, akakiacha hapo. Ndipo mabega ya Nalepo yakaanza kutikisika.

"Hiyo ni nini?" Hilaria aliuliza.

"Salamu," Naiputa alisema. "Mtoto anakuletea kichwa, wewe mkubwa unakigusa." Akamtazama. "Kwani huwa humwitikii?"

Hilaria akageuka kulitazama banda. Asubuhi zote zile. Na ile nguzo, na zile taya. Nalepo angekuwa ng'ombe wa mtu, yeye Hilaria angeizima pikipiki.

Naiputa alipoondoka, Hilaria aliwahi jikoni alfajiri. Akaosha mkono wa kulia, akaufuta kwa kanga, akasimama akingoja.

Mlango ukafunguka. Nalepo akaingia, akasimama wima mbele yake, akamtazama machoni, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Mkono wa Hilaria ulikuwa umeshanyanyuka. Ukabaki hewani, hauna pa kutua, kisha ukashuka na kushika ndoo.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, macho yake yakiwa sakafuni.