Kisomaji Mlafi

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki akimngoja bintiye amalize ugomvi na kompyuta. Binti huyo, ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Mitambo, ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta ya Java, programu ya kupeleka picha za eksirei kwa daktari wa mifupa mji mwingine. Leo picha ilikuwa ya nyonga ya baba yake mwenyewe, na daktari aliahidi kuamua kabla ya jioni kama atampasua kesho.

Maandishi yalifika salama: jina, umri, nyonga ya kushoto. Picha ikagoma kufunguka. Daktari akapiga simu mara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyekwisha vaa koti la kwendea nyumbani.

"Mwanangu," mzee akaanza, "huu mguu..."

"Najua baba, unauma. Vumilia kidogo."

Mzee alishazoea. Bintiye alimpenda kwelikweli, ila alizaliwa mwepesi wa kudakia maneno. Hata pale mapokezi, mzee alipoulizwa panapouma, yeye ndiye aliyejibu, kana kwamba hajapata kusikia kuwa kitanda usicholalia hujui kunguni wake.

Kosa la programu Mama Mitambo alilipata mwishowe. Maandishi na picha vilipita kwenye soketi moja, yaani njia moja ya mtandao, kimoja nyuma ya kingine, kama maji ya bomba. Kile kipande cha programu kinachosoma mistari ya maandishi kilipiga funda kubwa, kikabeba maneno yake pamoja na mwanzo wa picha. Kisomaji cha picha kilipopewa zamu, kikakuta kiwiliwili bila kichwa.

"Mlafi huyu," akasema, "anameza na ya mwenzake."

Mzee akatabasamu, akatazama sakafu.

Binti akaandika upya. Sasa msomaji ni mmoja, na kila kitu kinatanguliwa na urefu wake kwa baiti, vile vipimo vidogo vya data: zichukuliwe za maneno tu, zinazofuata ni za picha. Akaiweka programu mpya kwenye kompyuta ya daktari kupitia mtandao, akiwa palepale kitini, akatuma tena.

Simu ikalia. Daktari alisema picha imefunguka vizuri, ila haelewi: nyonga hii ya kushoto ni nzima kabisa.

Aibu ilimshika Mama Mitambo, na hofu nyuma yake. Akageuza kiti.

"Baba, ulitaka kuniambia nini?"

Akangoja. Mzee naye akangoja kidogo, akidhani atadakiwa.

"Ni wa kulia, mwanangu," akasema. "Wa kushoto ndio uliokuwa ukimuuma marehemu mama yako."