Mtihani wa Asia na Ngoma ya Bibi

Tangu Mwalimu Modesta aanzishe klabu ya haki za binadamu pale sekondari, Rukia alikuwa hakamatiki. Mkataba wa haki za mtoto alikuwa nao kichwani, vita vya nchi za watu alivijua, na akienda bombani pale mtaani kwao Likombe aliwahutubia wenye ndoo. Mwalimu alifurahi, akawaambia vijana wake kwamba kiongozi huanzia nyumbani.

Na nyumbani kulikuwa na kazi, bwana! Bibi yake, Bi Mwajuma, kungwi anayeogopwa mtaa mzima, alishapanga kuwaweka ndani wali wake, wasichana wa unyago, mwezi wa tisa. Miongoni mwao alikuwemo Asia, mdogo wake Rukia, wa darasa la saba, na mtihani wa taifa ni mwezi huohuo. Mwali akishawekwa ndani hatoki mpaka siku ya ngoma. Asia akiukosa mtihani, sekondari ataisikia redioni tu. Rukia roho ilimuuma.

Sasa, kule kwao bibi na mjukuu ni watani. Hawa wawili waliitana mke mwenzangu, wakichambana kutwa kwa ajili ya marehemu babu. Siku hiyo Rukia akaweka utani kando. Akavaa sare ya shule, Jumapili hiyo, akasimama wima mbele ya bibi anayemenya mihogo.

"Mheshimiwa Bibi, kwa mujibu wa ibara ya ishirini na nane..."

Bibi akaacha kisu. "Mheshimiwa? Nimekukosea nini hata unisemeshe kama mkuu wa wilaya? Umeshanikataa?" Akageuza uso, machozi yanamlengalenga.

Mtume! Rukia akaona ameharibu. Akachuchumaa haraka. "Nisamehe, mke mwenzangu. Ila mume wetu huko aliko anakucheka. Umezeeka mpaka umewaita wali mwezi wa mtihani!"

Bibi akaguna, halafu akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka. "Mjinga we! Kumbe ni mtihani? Mbona hakuna aliyeniambia? Na mwenyewe Asia anasemaje, umemuuliza?"

Ibara zote zile, na Rukia hajamuuliza Asia hata mara moja.

Asia, aliyekuwa akitwanga pembeni, akaweka mchi chini. "Nataka vyote, Bibi. Nichezwe ngoma na wenzangu, na mtihani nifanye. Dada anasema mambo yangu kila siku, lakini mimi hanisikilizi."

"Haya," alisema Bibi. "Kuingia ndani na ngoma, vyote baada ya mtihani. Asia, pita uwaambie mama za wenzako, useme wewe mwenyewe. Mheshimiwa atabaki hapa anisaidie mihogo."

Rukia akachukua kisu, aibu na furaha vimemjaa kifuani. Mara akaisikia sauti ya mdogo wake nyumba ya pili, haitetemeki, akina mama wanaisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie klabu, naye alinyamaza kimya akasikiliza.