Mikono Miwili Mgongoni

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na nusu asubuhi. Jua lilikuwa kali, na mji wa Iloilo, nchini Ufilipino, haukuwa na upepo.

Katika ukumbi mdogo wa chuo, Leonisa Tupas alikuwa akinyoosha karatasi ya maelezo ukutani. Maonyesho yalikuwa ya wanafunzi wawili, yeye na rafiki yake Kristel Abaygar, na yalihusu usichana. Kristel alikuwa ametundika picha kumi na mbili za magoti ya wasichana wa shule. Leonisa alikuwa na kitu kimoja tu: vidato vitatu vya chini vya ngazi ya mbao, alivyovikata katika nyumba ya marehemu bibi yake kabla haijabomolewa. Walimu wangekuja kutahini saa sita, naye hakuwa na kazi nyingine ya kuwaonyesha.

Karatasi ilisema: "Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa mila yetu, ili siku zangu za mwezi zisizidi tatu, nilipaswa kuruka kutoka kidato cha tatu. Niliogopa. Mama yangu akanisukuma."

Mama yake, Remedios, aliingia pamoja na jirani yao mtu mzima, Pacing, ambaye wote walimwita Manang, yaani dada mkubwa, aliyebeba keki za wali zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Walipofika mbele ya vidato, wote wawili walivua ndala na kuziacha chini, kama wanaotaka kupanda nyumbani kwa mtu.

"Hapo juu hamna nyumba, Manang," Kristel alisema.

"Miguu haijui hilo, Inday," Manang Pacing akamjibu, akimwita kama waitwavyo wasichana wote huko.

Remedios hakucheka. Alikuwa ameshafika mwisho wa karatasi.

"Uliniambia hizi mbao zimekuwa kuni."

"Nilikudanganya, Mama. Nisamehe."

"Hilo nimesamehe. Hili la kukusukuma silijui. Lifute."

"Nilihisi mikono miwili mgongoni."

"Si yangu."

"Sasa ya nani? Bibi alikuwa hata kusimama hawezi."

"Watu wote watapita hapa, Leonisa. Watasema mimi ni mama wa namna gani? Lifute, la sivyo nabeba mbao zangu sasa hivi."

Akashika kidato cha juu. Leonisa akashika upande wa pili. Alikuwa ameishi na mikono ile kwa miaka kumi. Ndiyo iliyozaa kazi hii, na hakuwa tayari kuifuta kwa sababu ya haya ya mtu. Hakuwa tayari pia kumpokonya mama yake mbele ya watu. Wakasimama hivyo, mmoja huku, mmoja kule, na hakuna aliyevuta.

Manang Pacing aliweka keki dirishani.

"Basi, nyie! Mtavunja ngazi ya marehemu bure. Ni mimi niliyemsukuma."

Wakamgeukia.

"Mtoto alikaa pale nusu saa kama kuku anayeatamia. Mimi nina nguo kambani, na mvua hiyo inakuja. Nikamsukuma."

"Na Mama alikuwa wapi?" Leonisa aliuliza.

"Jikoni. Analia, anasema mtoto wake ndiyo kaisha, keshakuwa mwanamke."

"Pacing!"

"Nini sasa? Mwenyewe niliruka, tena vizuri, na siku saba nilizipata zote."

Kristel aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilikwisha kutoka. Remedios aliachia mbao.

"Andika aliyekusukuma," alimwambia binti yake. "Ya jikoni yaache."

"Nayo ni kweli, Mama."

"Ni kweli yangu. Siku nikitaka kuionyesha, nitaionyesha mwenyewe."

Leonisa alimtazama kidogo, kisha akaibandua karatasi.

Aliandika nyingine: "Jirani akanisukuma. Kwa miaka kumi nilidhani ni mama." Ya jikoni hakuyaandika. Kristel aliibandika ile karatasi na kuandaa viti vya walimu. Manang Pacing aliomba jina lake liwekwe kamili, akawekewa, akaanza kugawa keki. Remedios alisoma karatasi mpya mara mbili, akasema mwandiko ni mbaya, akaenda sokoni. Walimu walifika saa sita na robo.