Breki za Mama Mkwe

Kila hedhi ilipokuja, mimi nilivunja kitu. Si kwa hasira. Mwenye hasira havunji akiwa na pima maji mkononi. Safari moja nilibomoa kabati la jikoni, nyingine nikachimbua sakafu ya sebule, na ile mara damu ilipochelewa kisha ikaja ikinicheka, nilipaka chumba chetu rangi ya krimu peke yangu. Mume wangu aliitazama nyumba inavyong'aa akasema, "Mke wangu, tukiendelea kukosa mtoto hivi, hapa patakuwa hoteli."

Yeye ni mkaguzi katika kiwanda cha magodoro. Hulala, hugeuka, hubonyeza, halipwi kwa kazi nyingine. Utani anaosikia huko unaweza kuukisia mwenyewe; wenzake humwambia mganga hajigangi. Mimi nafundisha udereva.

Mama mkwe alikuwa akinipa ushauri kwa simu. Baada ya tendo, alisema, inua miguu uiegemeze ukutani, mambo yasimwagike. Nikatii. Rangi ilikuwa mbichi, na mpaka leo juu ya kitanda chetu kuna nyayo mbili kama za mtu aliyejaribu kutoroka kupitia dari. Asichokijua mama ni kwamba tatizo lilikuwa la mwanawe. Mbegu zake zilikuwa chache, na hizo chache, alivyotueleza daktari, zilikuwa zinaogelea kama walevi. Mume wangu aliniomba nisimwambie mama yake. Nikanyamaza, nikabeba jina la mgumba mbele ya ukoo mzima.

Ndipo nikaanza bafu. Fundi tuliyempata mtaa mzima unamwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Aling'oa choo na sinki, akang'oa na milango miwili, wa bafu na wa chumba chetu, eti vigae vipya vitainua sakafu na lazima milango ipunguzwe chini. Akaibeba kwenda kwake, akapotea. Tukaning'iniza mashuka, choo tukaazima kwa jirani. Katika hali hiyo mama mkwe akashuka bila taarifa na begi lake kubwa, akachukua chumba cha wageni, chenye mlango.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na miadi hospitali. Mbegu za mume wangu zilitakiwa zisafishwe, kisha zipandikizwe kwangu. Hospitali ina chumba cha kuzitolea, lakini kimepakana na dirisha la malipo, na mara ya kwanza mume wangu alikaa humo akisikiliza watu wakigombania chenji mpaka akatoka mikono mitupu. Safari hii alipewa kikopo akafanyie nyumbani, kwa sharti kifike ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili.

Ukiacha chumba cha mama, mahali pekee penye komeo palikuwa stoo, kati ya mifuko ya saruji na maboksi ya vigae. Akaingia. Nilikuwa jikoni nikilinda njia, lakini mama alinipita akaenda kugonga.

"Mwanangu, uko humo?"

"Niko, mama."

"Unafanya nini?"

"Nahesabu vigae."

Mama akatega sikio. "Vigae gani vinahesabiwa kwa kuhema?"

"Ni vizito, mama," nikasema, nikimshika mkono. "Njoo tunywe chai."

Mume wangu alitoka na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, akanipa kikopo bila kunitazama. Nikakichomeka kwenye sidiria. Tulipokuwa tunaelekea garini, mama akatangaza kwamba tunaenda wote. Vigae vyangu vya kijivu vilimkumbusha jela. Alitaka kupita dukani achague vingine. Kubishana kungetupotezea muda. Akakaa mbele kwa sababu ya magoti yake, mume wangu akajikunja nyuma.

Gari langu ni la kufundishia. Pale alipokaa mama ndipo ninapokaa mimi siku zote, na chini kuna breki ya mwalimu.

"Mama, hiyo pedeli usiiguse."

"Mtu mzima mimi, nichezee pedeli?"

Kwenye mzunguko wa barabara lori likatuchomekea. Nilikuwa nimeshaliona. Mama naye akaliona, akaisimamia breki kwa miguu yote miwili. Gari likainamisha pua, kikopo kikachomoka kifuani mwangu, kikagonga usukani na kutua mapajani mwake. Nyuma honi zikaanza. Kifuniko, namshukuru Mungu, kilishika. Mama akakiinua kwenye mwanga.

"Hii gundi ya vigae?"

"Hao ni wajukuu zako, mama," nikasema. "Umewakanyagia breki."

Alinitazama, akakitazama kikopo, na nikaona maana ikimwingia taratibu. Nilidhani mume wangu atafungua mlango akimbie. Badala yake akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "Ni zangu, mama. Mwenye kasoro ni mimi. Mke wangu hana tatizo lolote. Nilimwomba asikwambie."

Mimi machozi yalikuwa yananitoka bila hata kuniomba ruhusa. Mama akafungua vifungo viwili vya blauzi yake, akakitumbukiza kikopo ndani.

"Wewe umekonda, kifua chako kina baridi," akaniambia. "Huyu alizaliwa kabla ya wakati, nikamlea hapa hapa. Endesha."

"Toa miguu kwenye breki, mama."

"Nimetoa. Endesha, mwanangu, wanapoa."

Tukawahi. Pale mapokezi alijifungua vifungo mbele ya foleni nzima, akamkabidhi muuguzi na kumhakikishia kwamba bado wa moto.

Ningependa kusema ilishika. Haikushika. Damu ilikuja nikiwa kazini, katikati ya somo la kurudi nyuma. Mwanafunzi akagonga pipa la taka na sikumwambia kitu. Nyumbani nilimkuta mama amemfuata Kesho mpaka kwake, amemrudisha pamoja na milango, na amevuta kiti anamsimamia akipanga vigae bafuni. Aliponiona uso, akamwambia fundi aende zake.

"Lakini leo nimekuja," Kesho akalalamika.

"Basi rudi kesho."

Nikachukua nyundo. "Leo unavunja nini?" mama akauliza. Nilizunguka nyumba nzima, na kila ukuta nilioutazama nilikuwa nimeutengeneza kwa mikono yangu. Nikaishia bafuni, nikakaa sakafuni. Mama akashuka akakaa nami, magoti yakilalamika. Hakunipa ushauri.

"Nimekusema vibaya kwa ndugu," akasema. "Nitawapigia."

"Usiwaambie ya mwanao."

"Nitawaambia wafunge midomo. Hilo halihitaji sababu."

Mume wangu alitukuta hivyo, akajipenyeza katikati. Alianza kulia yeye, nikafuata mimi, na mama akatugombeza wote wawili kwa kukalia vigae ambavyo saruji yake haijakauka.

Tulijaribu tena mara moja, ikakataa, tukaamua kupumzika. Hatujasema basi. Jumapili ya kwanza baada ya mama kurudi kwake, tulifunga mlango wa chumba asubuhi, bila miadi na bila kikopo, kwa sababu tu tulitakana. Tukalala mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba, tukaamka na njaa ya watu waliotoka kulima.