Kanisa Nyuma!

Jumapili asubuhi Beryl Gooderham alijaza upepo matairi ya baiskeli yake mbele ya posta ya Ossing Mpya, akagusa mnyororo kwa kidole kuona kama una mafuta, kisha akawaambia wenzake kwamba anayesubiri jua lipande akalisubiri nyumbani. Ulikuwa mwezi wa Mei. Shayiri ilikuwa imefika magotini, na upepo ulitoka baharini kama ilivyo desturi yake huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Klabu nzima ya baiskeli ikaondoka, watu wanane.

Beryl aliendesha mwisho. Kazi ya wa mwisho ni kupiga kelele. Gari likija anaita, "Gari nyuma!" na wote wanaacha soga, wanajipanga mstari mmoja upande wa kushoto. Alikuwa amefundisha upishi katika shule ya wavulana kwa muda mrefu, kwa hiyo sauti anayo.

Njia yao ilipita katikati ya vijiji vya nyumba za rangi ya waridi, kila kimoja na kanisa lake la kale na bata wake, kisha ikafuata ukuta wa bustani kubwa ya Bwana Tuke, mwenye ardhi ya pale, hadi kwenye lango. Nyuma ya lango ndiko Ossing ilikokuwa zamani. Babu wa babu yake Bwana Tuke aliona nyumba za wanakijiji zinamharibia mandhari akiwa mezani, akazibomoa, akawahamishia wenyewe nyuma ya kilima, mahali asipowaona. Kijiji walichopewa bado kinaitwa Ossing Mpya, ingawa kuta zake zimeshaota kuvu. Kanisa halikubomolewa kwa sababu lilipendeza dirishani. Watu waliendelea kulifuata huko huko, kusali na kuzika, mpaka Bwana Tuke wa sasa alipotia kufuli langoni kwa usalama wa kulungu wake. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja baada ya kuzikwa Walter, mume wa Beryl, hatua chache kutoka mlango wa kanisa.

Sasa binti yao Tamsin alikuwa anaolewa, na alitaka kuolewa pale alipolala baba yake. Hakutaka pengine popote.

"Kuna kanisa zuri mjini," alisema Gareth, mchumba wake, kijana mpole aliyekuwa akiwabebea wote mipira ya akiba ya matairi.

"Gareth, mwanangu," alisema Beryl, "wewe beba mipira."

Sheria ya huko inataka ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu. Mchungaji Philippa, ambaye naye ni mwanachama wa klabu, aliisoma sheria hiyo vizuri akaona kwamba kinachotakiwa ni tangazo lisikike kanisani. Basi Jumapili mbili mfululizo alikuwa amesimama langoni, kofia ya baiskeli kichwani, akatangaza kwa sauti kubwa kuelekea kwenye mnara. Kulungu walisikiliza. Hii ilikuwa Jumapili ya tatu.

"Kama kuna yeyote anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii," aliita, "aseme sasa!"

Watu wote wanane wakalitazama lango.

"Kizuizi kipo," alisema Beryl. "Kina kufuli."

Mchungaji Philippa akafikiri kidogo, akasema hajawahi kupata pingamizi la namna hiyo, lakini ni la kweli na limesikika. Wakapanda baiskeli wakaendelea na safari.

Hawajafika mbali Beryl akasikia mawe yakisagika nyuma yake. Akageuza shingo. Kanisa la Ossing lilikuwa linavuka ukuta kama mama anayevuka mfereji: lilikusanya kibaraza chake, likanyanyua upande mmoja, kisha wa pili, bila kuangusha jiwe hata moja. Ni kanisa dogo, la mawe ya gumegume, lenye mnara wa duara. Lilishuka barabarani, likashika kushoto.

"Kanisa nyuma!" aliita Beryl.

Wote wakajipanga mstari mmoja. Lakini kanisa halikutaka kupita. Lilikaa nyuma ya Beryl, karibu kidogo kuliko inavyofaa, likaenda kwa mwendo wao. Kwenye kona lilipunguza. Gari dogo la maziwa lilikaa nyuma yake kwa subira mpaka barabara ilipopanuka, kisha likapita na dereva akapunga mkono.

"Linajificha upepo hilo," alilalamika Desmond, fundi bomba mstaafu. "Kutwa nzima nyuma yetu. Halijachukua zamu ya kukata upepo mbele hata mara moja!"

"Lina miaka mia tisa, Desmond," alisema Beryl. "Wewe una sitini na nne, na mara ya mwisho kukuona mbele ilikuwa Pasaka."

"Goti langu..."

"Goti lako lilikuwa zima jana ulipokimbilia keki."

Waliposimama mgahawani kunywa chai, kanisa lilikaa kando ya bwawa. Mwenye mgahawa alitoka kuuliza kama litakaa sana, maana bata wanapenda kuota jua pale pale. Jioni liliwasindikiza mpaka ukutani, likavuka, likarudi kwenye makaburi yake. Makaburi hayakuwa yamesogea.

"Mchungaji," aliuliza Tamsin, "sheria inasemaje?"

"Inasema mfungie ndoa ndani ya kanisa la parokia yenu," alisema Mchungaji Philippa. "Haisemi kanisa liwe limesimama wapi."

Walichagua Jumamosi moja ya Juni. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, wa kuwapiga usoni. Klabu ilipita mbele ya lango imevaa vizuri. Tamsin alikuwa ameichomeka shela yake ndani ya kofia, na Desmond alivaa tai. Kanisa lilitoka bila kuitwa. Walipofika chini ya kilima na Gareth kuanza kuhema, likatoka kwenye mstari, likawapita wote kwa kulia kama inavyotakiwa, likakaa mbele. Nyuma yake hapakuwa na upepo kabisa. Walipanda kilima wakipiga soga.

"Haya, Desmond?" alisema Beryl.

"Sijasema kitu mimi."

Kanisa lilikaa kwenye uwanja wa Ossing Mpya, kati ya posta na baa, na watu wakaona kwamba nafasi hiyo inalitosha vizuri sana. Mchungaji hajafungua kitabu, akafika msimamizi wa Bwana Tuke na gari lililojaa tope. Akavua kofia.

"Samahani, mama. Bwana ana wageni wa chakula cha mchana. Mandhari ina pengo."

"Mwambie afungue lango," alisema Beryl.

"Lango ni suala jingine, mama."

"Ndilo suala lenyewe, baba. Kula soseji."

Msimamizi akala soseji, akashukuru, akaondoka kupeleka majibu.

Ndoa ilifungwa. Tamsin alipotoka mlangoni alitazama upande wa kushoto, hatua chache, mahali ambapo baba yake angekuwa. Palikuwa na goli la mpira. Akasimama pale na maua yake, hakujua ayaweke wapi.

"Baba yako hakupenda hotuba," alisema Beryl, akimrekebishia shela. "Hajakosa kitu hapa ila keki."

Baada ya kusema hivyo alikwenda kwenye meza, akakata kipande kinene cha keki, akakiweka kwenye sahani ya kauri ya nyumbani, akakifunika kwa kitambaa, akakiacha juu ya benchi la kibarazani pamoja na maua ya bibi harusi. Jua liliposhuka kanisa likaondoka polepole, taratibu kuliko kawaida, kwa sababu lilikuwa limebeba keki.

Bwana Tuke hakufungua lango. Aliandika barua kwa klabu kuomba kwamba siku za wageni kanisa liwe limerudi kabla ya saa saba. Kufuli moja likawa mawili.

Jumapili iliyofuata kanisa lilivuka ukuta kama kawaida, na Beryl akaegesha baiskeli, akaingia kibarazani. Sahani ilikuwa juu ya benchi, tupu, imeoshwa. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa bado na sukari ya keki.

"Nusu ya maisha yangu nimemwambia Walter," alisema. "Anaosha juu tu, nyuma haoshi."

Akaifuta sahani kwa shati lake, akaitia kwenye mkoba, akapanda baiskeli. Wakapita mbele ya lango. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani, limependeza, na limefungwa.

"Kanisa nyuma!" aliita Beryl, na wote wakajipanga kushoto.